Chumvi

Ndani ya msitu wa misindano hakuna anayewasha kiberiti.
Kibao chenye maandishi mekundu kinasema hivyo getini,
na hata asiyejua kusoma anaijua harufu ya kitalu kilichoungua.
Ndiyo maana wapasua mbao wa Mufindi hatuvuti.
Tunabwia.

Otmari Kihwele alinipa ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa,
baridi ya Julai imeukaza mnyororo wa msumeno.
"Weka hapa," akasema, akiuvuta mdomo wake wa chini
kama mtu anayeonyesha mfuko uliotoboka.
Nikaweka. Msitu mzima ukazunguka.
Nikatapika juu ya vumbi la mbao.
Kesho yake nikaomba tena.

Miaka ishirini na sita.
Kopo la kiwi mfuko wa kushoto, ugoro uliotwangwa na magadi.
Mashati yangu yote yana alama ya duara kifuani,
hata lile la harusi.
Nimetema njia nzima kutoka Sao Hill hadi Mgololo.
Kanisani nilimeza.
Kwenye msiba wa baba nilimeza, watu wakanong'ona:
tazama anavyojikaza asilie.

Mwezi wa tano, mganga wa meno pale Mafinga
aliushika mdomo kwa vidole viwili vya mpira
akakaa kimya.
Akaniletea kioo. Nyuma ya mdomo, pale ugoro unapolala,
palikuwa peupe, pamekunjamana,
ukungu ulioshuka bondeni alfajiri ukakataa kuondoka.
"Bado haijawa," akasema.
Hakusema haijawa nini.

Siku ya tatu nilimfokea mbuzi.
Siku ya tano mikono ilitetemeka, mbao tatu zikaenda mshazari,
zikauzwa kuni.
Otmari akafungua kopo lake upande unakotoka upepo,
sijui kama ni kwa makusudi.
Nilitafuna mabua, kucha, utomvu wa msindano,
nilitafuna majibu ambayo Gaudensia hakustahili, kisha nikayatema yote.
Usiku wa tisa niliamka, nikalitoa shati kuukuu kwenye kamba,
nikapekua pindo la mfuko kwa ukucha,
nikapata chembe, nikailamba gizani.
Hili nalo nalisema.
Asubuhi nikaanza kuhesabu upya. Moja.

Wiki ya nne baada ya ile moja, jioni, ugali na mnafu.
Nikamega, nikachovya, nikatia kinywani.
Taya likasimama.
Chumvi!
Chumvi ya kukaushia ngozi ya ng'ombe.
"Gaudensia, leo mkono umeteleza?"
Akanitazama. Onorata, kitinda mimba wetu, akaitazama sahani.
"Ni ileile," akasema mke wangu.
"Ulikuwa unasema ni chakula cha mgonjwa. Ulikuwa unasukuma bakuli.
Nikaongeza kidogo. Mwaka uliofuata nikaongeza."

Hapo ndipo nilipouona mtungi wa maji,
uliokaa miaka yote katikati ya wanangu,
vikombe vinne vikijazwa, vikikauka, vikijazwa,
nami nikidhani watoto wangu wana kiu ya kuzaliwa nayo.

Kopo sijalitupa.
Lipo juu ya boriti, tupu, limeoshwa mara mbili, bado linanuka.
Mkono wa kushoto bado unakwenda kifuani
kama ng'ombe arudiye kwenye zizi lililobomolewa.
Na Gaudensia naye hajaacha:
vidole vyake vinachota, vinafika juu ya sufuria,
vinasita hapo, katika mvuke,
nami na yeye tunavitazama
tuone leo vitaamua nini.